Ngoro za Wamatengo: kwa nini mbinu ya ardhi haihamishiki kama mbegu? (Uzi wa mila, kazi na mazingira)

#1 Mpini wa Jembe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mada ya mmomonyoko wa udongo ikiibuka, lazima mtu atupie picha ya milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, iliyotobolewa mashimo kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro, mashamba ya mashimo na matuta ya Wamatengo. Wanaofuata wanasifia akili ya wazee, na mjadala unaishia hapo. Nafungua uzi huu kwa sababu sifa hiyo, pamoja na nia yake njema, inatuziba macho. Shimo ndilo linaloonekana kwenye picha. Nyuma yake kuna mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke, kuna namna ukoo unavyogawana mlima, na kuna kalenda ambayo ikiteleza, maharage yanakosa mvua.

Wanaanthropolojia wamelizunguka swali hili la utamaduni na mazingira kwa miaka mingi. Zamani walikuwepo walioamini kwamba mazingira huamua kila kitu: watu wa jangwani lazima wawe hivi, wa milimani vile. Miaka ya 1950 Mmarekani Julian Steward akaligeuza. Alisema tuanze na kazi yenyewe: watu wanachukua nini kwenye ardhi, kwa zana gani, kwa mpangilio gani wa watu, halafu tuangalie sehemu ipi ya utamaduni imefungwa kwenye kazi hiyo na ipi iko huru. Kwa ngoro, njia hiyo inafaa sana.

Kwanza historia kidogo. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika kusini mwa nchi, na Wamatengo wakasongamana kwenye safu za milima upande wa Litembo. Watu wengi, ardhi ya mteremko, na nafasi ya kuhamahama na mashamba ikawa finyu. Ester Boserup aliandika mwaka 1965 kwamba watu wakibanana hawasubiri njaa, huongeza kazi kwenye kipande kilekile cha ardhi. Umatengo ni mfano mzuri wa hoja hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza hatua kwa hatua kwa sababu wengi wanadhani mtu anachukua jembe na kuanza kuchimba tu.

Inaanza kwenye shamba lililopumzika na kuota nyasi ndefu. Mwezi wa pili au wa tatu, mvua ikiwa bado ipo, wanaume wanafyeka nyasi kwa nyengo. Nyasi zinaachwa chini zinyauke, kama wiki moja au mbili. Zikishanyauka zinakusanywa na kulazwa kwa mistari: mistari inayoshuka na mteremko, kisha mistari inayoikata kwa kupita ubavuni mwa mlima. Ukisimama juu unaona miraba, kila mmoja kama mita 2 kwa 2. Hadi hapo hakuna udongo uliochimbwa.

Ndipo jembe linaingia. Mchimbaji anasimama katikati ya mraba, anachimba udongo na kuurusha juu ya nyasi za pande zote nne. Nyasi zinafunikwa, tuta linatokea. Mbegu za maharage zinamwagwa juu ya tuta hilo, kisha anachimba tena na kurusha tabaka la pili la udongo kufunika mbegu. Kinachobaki katikati ni shimo la upana wa mita 1 hadi 1.5, kina sentimita 20 hadi 50 kutegemea udongo na mkono wa mchimbaji. Yaani shimo ni mabaki ya kutengeneza tuta. Mazao yanakaa kwenye tuta, shimo linabaki tupu.

Maharage yanavunwa kama mwezi wa saba au wa nane. Mvua mpya zikianza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, mahindi yanapandwa juu ya matuta yaleyale. Magugu na mabua ya maharage yanatupwa shimoni yaoze. Mahindi yakivunwa mwaka unaofuata, shamba linaachwa liote nyasi hadi mwezi wa tatu, na mzunguko unaanza upya. Safari hii mashimo yanahama: palipokuwa na makutano ya matuta ndipo panapochimbwa, na shimo la zamani lenye tope na mabaki yaliyooza linafunikwa kuwa tuta. Baada ya mizunguko kadhaa udongo wote wa shamba umeshageuzwa bila plau.

Naomba tuchangie kwa kina. Maswali yanakaribishwa.

---

#2 Debe la Maji

Mkuu, madini. Swali: kwa nini maharage kwanza na mahindi baadaye? Kwa nini wasichanganye mwaka mmoja kama kwingine? Na shimo moja linabeba maji kiasi gani hasa, maana watu husema "linazuia maji" bila kipimo.

---

#3 Mpini wa Jembe

Maswali yote mawili yanagusa mtima wa jambo.

Maharage kwanza. Nyasi kavu zikifukiwa, vijidudu vinavyoziozesha vinahitaji naitrojeni, na vinaivuta kutoka kwenye udongo. Ukipanda mahindi juu ya nyasi zilizofukiwa juzi, yatatoka ya manjano. Maharage yanajitegemea kwa kiasi fulani, kwa sababu mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Miezi minane au tisa baadaye nyasi zimeshaoza, naitrojeni imerudi, na mahindi yanapata chakula. Hakuna aliyehitaji maabara kuligundua hili. Kulihitajika mtu wa kuona mahindi ya manjano na kukumbuka.

Kuhusu kipimo, tupige hesabu. Chukua shimo lenye umbo la bakuli, upana mita 1.2, kina sentimita 30. Mahali tambarare linabeba takriban lita 180, yaani madebe 9 ya lita 20. Shimo hilo linahudumia mraba wa mita 2 kwa 2, mita za mraba 4. Gawanya: linameza mvua ya milimita 45 iliyoanguka yote kwa mpigo, bila hata kuhesabu inayozama ardhini wakati huohuo. Kwenye mteremko mkali ukingo wa chini unapungua, kwa hiyo tuseme nusu yake, milimita 20 na kitu. Bado hiyo ni mvua nzito. Na kwa nafasi hiyo ya mita 2, hekta moja ina mashimo 2,500, ekari moja kama 1,000.

Cha pili ambacho shimo hufanya ni kuvunja mbio za maji. Maji ya mvua yanapata nguvu ya kubeba udongo kadiri yanavyoteremka bila kizuizi. Kwenye ngoro tone linakimbia chini ya mita moja kabla ya kutua.

Yanapoharibika, yanaharibika hivi: ukingo wa shimo la juu unapasuka, maji yake yote yanaingia shimo la chini ambalo tayari limejaa, nalo linapasuka, na kadhalika hadi bondeni. Baada ya mvua kubwa moja unaweza kukuta mfereji ulionyooka kutoka juu hadi chini. Chanzo cha kawaida ni nyasi chache ndani ya tuta. Tuta la udongo mtupu ni kama ukuta wa matofali usio na udongo wa kushikia, unamomonyoka kwa ndani kabla hujaona kitu kwa nje.

---

#4 Bibi Shamba

Nashukuru kwa maelezo, lakini umepita haraka kwenye jambo zito. Umeandika "mchimbaji anasimama katikati ya mraba". Mchimbaji huyo ni nani? Ni mwanamke. Kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, na inaisha kwa siku chache. Kuchimba, kufukia na kupanda ni ya wanawake. Palizi na mavuno pia yanawaangukia wao zaidi.

Tumia hesabu yako mwenyewe. Mashimo 1,000 kwa ekari, kila moja likitoa lita 180 za udongo. Hizo ni mita za ujazo 180 zinazorushwa kwa jembe la mkono kwenye mteremko ambao hata kusimama ni shida. Anayesema "teknolojia ya gharama nafuu" hajaiweka gharama hiyo kwenye daftari.

Kahawa ilipoingia milima ile miaka ya 1920, ikawa zao la wanaume na fedha zake zao. Maharage na mahindi ya ngoro yakabaki upande wa mke na chakula cha nyumba. Utaratibu huo ulishikana kwa sababu kila upande ulihitaji mwingine: hela ya kahawa ilinunua mbolea ya kutia kwenye mahindi, na ngoro ililisha familia isiyohitaji kuuza kahawa ili ile. Bei ya kahawa ilipoanguka na chama cha ushirika kilichokuwa kikitoa pembejeo kwa mkopo kikafa miaka ya 1990, mzigo uliongezeka kwa wanawake, maana mahindi bila mbolea yanadai eneo kubwa zaidi, na eneo kubwa maana yake mashimo mengi zaidi.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama ngoro ni endelevu, mimi namuuliza: mgongo wa nani unaiendeleza?

---

#5 Mpini wa Jembe

Bibi Shamba, nakubali, na ulichosema kinastahili kukaa kwenye bandiko la kwanza. Naongeza kitu kimoja. Kazi kubwa ya kuchimba haikufanywa na mke peke yake siku zote. Kulikuwa na ngokela, kazi ya ushirika: majirani wanakuja shambani kwako leo, wanakula na kunywa kwako, kesho mnakwenda kwa mwingine. Ngokela ikidhoofika na watu wakaanza kulipana fedha, asiye na fedha anachimba peke yake, anachelewa, na maharage yake yanatoa maua mvua ikiwa imeshakatika. Shamba lile lile, mbinu ile ile, mavuno tofauti.

---

#6 Mto Ruvuma

Nadondosha nondo kuhusu ardhi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini ngoro zinapangana vizuri namna ile.

Umatengo una kitu kinaitwa ntambo. Ntambo ni kipande cha mlima kilichozungukwa na vijito pande mbili, kuanzia kilele hadi pale vijito vinapokutana. Kila ntambo kwa kawaida ulikaliwa na ukoo mmoja. Juu kileleni msitu unaachwa, katikati na kando zake ngoro, karibu na nyumba kahawa na migomba, bondeni bustani za kiangazi na maji. Familia moja ina kila aina ya ardhi, kutoka juu hadi chini, ndani ya mpaka ambao hauhitaji jiwe wala mpima ardhi, kwa sababu mpaka ni mto.

Faida yake kwa udongo ni kubwa. Ukilima vibaya juu, anayefunikwa tope ni ndugu yako au wewe mwenyewe bondeni. Hasara inarudi nyumbani. Kwingine mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini hawajuani, na wa juu hana sababu ya kujali.

Halafu kuna sengu. Jioni wanaume wa ukoo, wazee kwa vijana, walikula pamoja kwa mzee mwenye ukoo, kila nyumba ikileta chakula. Pale ndipo palipopangwa nani anafyeka lini, kipande kipi kinapumzika, kijana yupi anaoa na atapewa wapi. Na pale ndipo kijana mvivu alipoumbuliwa mbele ya babu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani waliofanya kazi Mbinga kuanzia miaka ya 1990 walilitambua hili: waliingia wakisoma udongo, wakajikuta wanasoma ntambo na sengu.

Leo ntambo nyingi zimejaa. Vijana wanashuka kwenye ardhi ya chini, ya msitu wa miombo, yenye mteremko mpole. Huko wengi hawachimbi ngoro, wanatumia matuta ya kawaida. Hawajasahau mbinu. Mteremko ni mdogo, ardhi ni kubwa, na ukoo wao hauko karibu kuwapangia. Steward angefurahi na mfano huo.

---

#7 Msasa

Naingia na swali gumu kidogo, ndugu zangu, bila nia ya kuharibu. Nasoma humu na kuona kama tunajenga picha kwamba wazee waliishi kwa amani na mazingira, kisha mkoloni na soko vikaharibu. Kuna mwanaanthropolojia Roy Rappaport aliyekaa na Watsembaga wa New Guinea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alieleza kwamba sherehe yao kubwa ya kuchinja nguruwe ilikuwa kama kidhibiti: nguruwe wakizidi na kuanza kula bustani, sherehe inafanyika, wanapungua, mizani inarudi. Maelezo mazuri sana. Wakosoaji wakauliza: una uhakika mizani ilikuwepo? Ulikaa muda gani? Na kama sherehe ilichelewa kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, bado ni kidhibiti?

Nauliza hilohilo kwetu. Nani aliyesema ngoro au mila nyingine yoyote ilikuwa kwenye mizani?

---

#8 Ng'wana Mbuga

Msasa, swali zuri, na jibu langu ninalichukua Usukumani kwa sababu kule tuna rekodi ya kuharibika na kupona ndani ya miaka 70.

Msukuma anaijua ardhi kwa majina. Juu ya vilima ni luseni, mchanga mwepesi wa mihogo, viazi na karanga, na ndipo nyumba zilipo. Ukishuka unakuta itogolo, udongo mgumu chini ambao jembe linagonga kama sakafu, mzuri kwa malisho na majaluba ya mpunga kwa sababu maji hayazami. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Kila jina lina kazi yake.

Ndani ya mpangilio huo kulikuwa na ngitili. Mvua zikianza unafunga kipande cha malisho, hakuna ng'ombe kuingia hadi nyasi zikue, zikomae na kukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikali, kuanzia mwezi wa saba au wa nane, unafungua. Lakini hufungui yote. Unagawa vipande na kulisha kimoja kimoja. Wanaoingia kwanza ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia, kwa sababu maksai akidhoofika mwezi wa kumi, hakuna wa kuvuta plau mvua ikianza. Ngitili za kaya mara nyingi ni hekta 2 hadi 5, za kijiji au ukoo ni makumi hadi zaidi ya mia.

Sasa angalia kilichotokea. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka Shinyanga kuua mbung'o, maelfu ya watu wakiitwa kazini kupitia watemi, yaani machifu wa Kisukuma. Kikaja kilimo cha pamba kikala ardhi ya malisho. Mwaka 1963 utemi ukafutwa, na mwenye sauti ya kufunga ngitili akaondoka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, na ngitili isiyo na mwenye kuilinda ni malisho ya yeyote. Kufika miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni walipanda miche kwenye vitalu kama miradi mingine, na miche mingi haikufika mbali. Kilichofanikiwa ni kurudisha ngitili. Migunga ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini, kwa sababu mizizi haikuwahi kufa. Mradi ulianza na kama hekta 600 zilizohesabiwa, na miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, kwenye vijiji zaidi ya 800.

Nani alizilinda? Dagashida, mkutano wa jadi, ulipitisha faini, na sungusungu walioanza miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo wakakamata pia wavunja ngitili. Taasisi iliyozaliwa kwa ajili ya wezi wa ng'ombe ikatumika kulinda nyasi. Kwa hiyo Msasa, mizani ya kudumu haikuwepo. Kulikuwa na mamlaka inayoweza kusema "hapa pamefungwa" na watu wakatii. Ilipoondoka, nyasi ziliondoka nayo.

Na kasoro zipo, msiniulize tu mazuri. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi ana uwezo wa kufunga eneo kubwa. Maskini anabaki anakodi nyasi. Pia miti ikiachwa bila kupogolewa inasongamana, kivuli kinaua nyasi, na unakuwa na msitu usiolisha ng'ombe. Pogoa matawi ya chini, punguza mashina yaliyobanana, acha nafasi jua lifike chini.

---

#9 Bibi Shamba

Hapo kwenye mamlaka, naomba niweke upande wa pili. Mamlaka ya kulazimisha nayo imeshindwa vibaya.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Watu wakaamriwa kuchonga matuta ya ngazi mlimani, siku kadhaa kwa wiki, faini kwa asiyefanya. Matuta ya ngazi yanataka udongo wenye kina. Uluguru sehemu nyingi udongo mzuri ni tabaka jembamba juu. Ukikata ngazi, udongo mzuri unafukiwa chini na ule mwekundu usio na rutuba unakuja juu. Watu wakaona mavuno yanapungua mahali walipotii. Ongeza kwamba ardhi ni ya ukoo wa mama na wengi wanalima kwa kuazima: anayejenga ngazi leo anaweza kuambiwa kesho kwamba amejimilikisha. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo na mpango ukafa.

Cha kusikitisha ni kwamba maofisa wa ukoloni walikuwa wameshaandika kuisifu ngoro tangu miaka ya 1930. Walijua kwamba wakulima wa mlimani wanaweza kutunza udongo kwa njia yao. Bado walikwenda mlima mwingine na mchoro wao.

---

#10 Kihamba Juu

Mfano mfupi kutoka Kilimanjaro, kuhusu mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, kwa sababu unaonyesha jinsi "kuboresha" kunavyovunja makubaliano yasiyoonekana.

Banio la asili la mfongo, kizuizi kinachoingiza maji ya mto mferejini, ni mawe, matawi, migomba na majani yenye udongo. Linavuja. Mhandisi akiliona anasema ni upotevu wa maji. Lakini uvujaji ule ndio mgao wa walio chini. Mto ukipungua, banio linavuja sehemu ileile, na kila mfongo unaofuata unapata kitu. Mafuriko yakija, banio linasombwa, na watu wa mfongo ule wanalijenga upya kwa siku moja au mbili za kazi ya pamoja. Kazi hiyo ndiyo inayokumbusha nani ni mwanachama na nani ana zamu.

Jenga banio la saruji lenye geti. Halivuji. Wa juu anaweza kufunga mto wote kiangazi, na hahitaji tena watu wa kulijenga upya, kwa hiyo hahitaji kumsikiliza mtu. Ugomvi wa maji unaanza mwaka uleule, na watu wanashangaa kwa nini mradi mzuri umeleta vita. Anayetaka saruji aache tundu la kudumu chini ya geti, lisilofungika, lenye ukubwa uliokubaliwa na watu wa mifongo ya chini kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Ngoja niongeze: maji ya usiku yanaingia kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, na kufunguliwa asubuhi. Upareni wanaita ndiva. Bila hilo zamu ya usiku inapotea.

---

#11 Msasa

Nimeelewa, na ninarudi nikiwa nimebadili mawazo kwa sehemu. Hoja yenu ni kwamba tuangalie nani anaamua, nani anafanya kazi na hasara inamrudia nani, kabla ya kuangalia mbinu. Hilo nalikubali kuliko habari ya mizani.

Basi swali la vitendo. Mtu mwenye mteremko Ludewa, kwa mfano, akitaka kujaribu ngoro bila ntambo na bila sengu, aanzie wapi? Au asijaribu?

---

#12 Mpini wa Jembe

Ajaribu, kwa kipande kidogo, mita 20 kwa 20. Hayo ni mashimo 100, yanatosha kujifunza na hayamalizi nguvu.

Kabla ya yote apime udongo. Achimbe shimo la majaribio kina sentimita 60. Akigonga mwamba au kokoto kabla ya sentimita 40, aache, ngoro itatoa udongo wa chini kama ngazi za Uluguru. Kisha ajaze shimo kwa debe moja la maji. Kama asubuhi yake maji bado yamesimama, udongo ule haunywi. Kwenye mteremko mkali wa udongo usiokunywa maji, mashimo yanaweza kulifanya shamba zima liwe zito na kuporomoka. Sehemu zenye chemchemi au nyufa za zamani za maporomoko zisiguswe kabisa.

Pili nyasi. Zinatakiwa nyingi, ndefu, zilizofyekwa kabla hazijamwaga mbegu. Kama shamba lina sangari, ile nyasi yenye mizizi inayotambaa chini, aing'oe na kuitoa nje ijikaushe juani. Akiifukia mbichi, kila tuta litaota sangari na palizi itamshinda. Shamba lisilo na nyasi za kutosha liachwe msimu mmoja zaidi. Kufupisha muda wa kupumzisha ndiko kosa linaloua ngoro nyingi hata Umatengo kwenyewe: nyasi chache, tuta laini, ukingo unapasuka.

Tatu, maji ya nje. Njia ya watu, barabara au shamba la juu linalomwaga maji kwenye kipande chake lizibwe kwa mtaro kabla hajachimba shimo hata moja. Ngoro zimepimwa kwa mvua inayoziangukia zenyewe.

Nne, na hili ni kwa Bibi Shamba, akae na nyumba yake kwanza. Nani anafyeka, nani anachimba, siku ngapi, na maharage yakiuzwa fedha ni ya nani. Mashimo 100 kwa watu wanne ni kazi ya siku mbili au tatu hivi. Kwa mtu mmoja yanaweza kula zaidi ya wiki nzima, na siku hizo ni za mvua ya mwisho.

Tano, amwite jirani wa shamba la chini aje kuona kabla hajaanza. Ukingo ukipasuka, tope linakwenda kwake.

Akishapanda, mvua kubwa ya kwanza ikipita aende shambani siku hiyohiyo, aanzie safu ya juu kabisa. Aangalie ukingo wa chini wa kila shimo. Palipolika pafukiwe nyasi na udongo ukandamizwe kwa mguu, si kwa jembe. Kisha ashuke safu ya mwisho achote maji ya shimo kwa kiganja. Yakiwa mazito na mekundu, juu kuna shimo limepasuka ambalo hajaliona. Arudi kulitafuta kabla ya mvua ya pili.

---

#13 Debe la Maji

Mkuu, na kama nyasi za kipande kile hazitoshi, anaruhusiwa kuleta mabua ya mahindi kutoka shamba lingine?

---

#14 Mpini wa Jembe

Anaruhusiwa, lakini ayavunje vipande vya urefu wa mkono na kuyachanganya na nyasi au majani mabichi. Mabua matupu yakilazwa mazima yanaacha uwazi ndani ya tuta, panya wanaingia, na maji yanapita mle ndani kama bomba. Na kama mabua hayo yalikuwa chakula cha ng'ombe wa mtu kiangazi, amuulize kwanza mwenye ng'ombe.